Nywele za Istanbul na Vyuma vya Kinondoni: Tathmini Baada ya Miezi 11

Mwezi Juni mwaka jana nilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Istanbul kupandikizwa nywele, na tangu niliporudi nimeulizwa sana kuhusu bei, maumivu na matokeo. Swali lililonisumbua mimi mwenyewe kabla ya kuondoka lilikuwa jingine: mtu anayenyanyua vyuma arudi lini kwenye vyuma vyake? Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha kutoka kwa yeyote kati ya niliowalipa. Nina umri wa miaka 41, nimenyanyua vyuma kwa miaka 12, siku nne kwa wiki, katika ukumbi wa kawaida wa Kinondoni wenye feni nne na madirisha makubwa, na tathmini hii itaipima huduma niliyonunua hasa kwa kipimo hicho. Kituo chenyewe sikitaji, kwa sababu wenzangu wawili waliofanyiwa upasuaji kwenye vituo vingine vya mji huo huo walirudi na karatasi ya maelekezo inayofanana na yangu karibu neno kwa neno.

Nianze na kilichouzwa. Kwa euro 2,400 nilipata upasuaji, hoteli ya siku nne, gari la kunipokea na kunirudisha uwanja wa ndege, mkalimani wa Kiingereza, dawa za wiki ya kwanza, shampuu, mto wa shingo kama ule wa abiria wa ndege, na kofia pana ya kitambaa. Nauli ya ndege, safari ya takribani saa saba moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, ilikuwa juu yangu. Mazungumzo yote ya awali yalifanyika kwa WhatsApp: niliombwa picha tano za kichwa, nikapewa idadi ya vipandikizi na bei ndani ya saa moja, na tangu hapo nikawa napokea kila asubuhi ujumbe wa kunikumbusha kwamba nafasi za Juni zinakwisha. Katika jumbe zote hizo hakuna aliyeniuliza kama makovu yangu huwa yanavimba, swali ambalo kwa mtu mweusi lilipaswa kutangulia mengine yote, kwa kuwa keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mwenye historia nayo anaweza kupata vinundu kisogoni kabla hajapata nywele mbele. Nililitaja mwenyewe. Wala hakuna aliyeuliza kazi yangu ni ipi au mazoezi yangu ni ya namna gani.

Siku ya upasuaji ndiyo sehemu ambayo karibu sina la kulaumu. Daktari alikaa nami kwa muda wa kutosha, akaeleza kwamba nywele za kisogoni na za pembeni hazidhuriki kirahisi na homoni iitwayo DHT, ile inayosinyaza mashina ya nywele za mbele na za utosini, na kwamba zikihamishwa huendelea na tabia ya zilikotoka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikutarajia kulisikia Istanbul: nywele za kipilipili kama zangu hupinda hata chini ya ngozi, kwa hiyo kifaa cha kutobolea, ambacho kipenyo chake hukaribia milimita moja, kikishushwa wima hukata shina kabla halijatoka. Alitoa mashina machache ya majaribio, akayachunguza kwa kioo cha kukuza, akabadilisha kifaa na pembe ya kukiingiza, ndipo kazi ikaanza. Msokoto huo huo unaomsumbua daktari humsaidia mgonjwa, maana hufunika ngozi vizuri, na vipandikizi 2,300 vilinitosha kwa paji na pembe zake. Sindano za ganzi ziliuma kuliko nilivyoahidiwa. Baada yake sikusikia kitu kwa saa saba, isipokuwa shingo. Daktari alichora mstari na kufungua matundu ya kupokelea, wasaidizi wakatoa na kupandikiza. ISHRS, jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa fani hii, imekuwa ikionya dhidi ya vituo ambako daktari haonekani kabisa, na nilikuwa nimejiandaa kunyanyuka kitini na kuondoka endapo nisingemwona. Alikuwepo.

Kasoro ilianza nilipokabidhiwa karatasi ya maelekezo. Ilikuwa na kurasa mbili, nyingi zikihusu namna ya kuosha kichwa, ambazo zilikuwa nzuri na zenye picha, na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: hakuna michezo kwa mwezi mmoja. Nilimwomba mkalimani aulize kama kutembea ni mchezo, kama kunyanyua dambeli ya kilo tano nikiwa nimeketi ni sawa na kuchuchumaa na kilo 130 mabegani, na kama mwezi huo ukiisha ninaruhusiwa siku ya 31 kurudi pale pale nilipoachia. Jibu lilikuwa mstari ule ule, ukisomwa kwa sauti.

Upungufu wa katazo la namna hiyo nilianza kuuona siku ya tatu, kabla sijaondoka Uturuki. Dereva wa kituo, kijana mwenye adabu, alinishusha mlangoni mwa uwanja wa ndege akaniaga, nikabaki na sanduku la kilo 26, uso umevimba hadi machoni kwa ile majimaji ya ganzi inayoshuka kutoka kichwani, na bendeji kuzunguka paji. Uwanja ulijaa wanaume wenzangu wenye vitambaa vyeusi vichwani, wote wamekatazwa michezo kwa mwezi mmoja, wote wameinama wakinyanyua masanduku kuyaweka kwenye mizani. Mtu yeyote anayenyanyua vyuma angelitambua tendo hilo: ni kunyanyua chuma kutoka sakafuni, tena kwa mgongo uliopinda na pumzi iliyobanwa, siku tatu baada ya upasuaji. Nilimwomba kijana mmoja wa uwanjani anisaidie nikampa chochote. Sanduku la mkononi ndani ya ndege lilinyanyuliwa na mhudumu. Lau karatasi ingekuwa na mstari mmoja tu wa nyongeza, ningependa uwe huu: safiri na begi dogo la magurudumu, na usilinyanyue.

Jambo la pili ambalo karatasi haikuligusa ni sala. Maelekezo yalisema kichwa kisiinamishwe chini ya moyo kwa siku kumi za kwanza, na lisiguswe na chochote eneo lililopandwa, ambalo kwangu linaanzia juu kidogo ya paji. Sijida inavunja masharti yote mawili kwa pamoja. Mkalimani, ambaye ni Mwislamu, alinijibu papo hapo kwamba nisali nikiwa nimekaa kitini, na nilipofika nyumbani imamu wa mtaani kwetu aliniambia vivyo hivyo, kwamba asiyeweza kusujudu kwa sababu ya matibabu huashiria kwa kichwa. Sidhani kama ni haki jibu la jambo ambalo wagonjwa wengi wa mji ule watalihitaji mara tano kwa siku litegemee bahati ya kuuliza. Kofia nayo ilikuwa na kanuni zake: kofia zangu za mkono, ngumu na za kubana, zilikaa kabatini wiki mbili na nusu, na hata mashati nilivaa ya vifungo tu, kwa sababu fulana inayopitia kichwani inaweza kung'oa kilichopandwa kwa gharama kubwa.

Kwa kuwa kituo hakikueleza sababu za katazo, nilizitafuta, na nilizozipata zimenifanya niamini kwamba mwezi mmoja ni jibu la maswali manne yaliyochanganywa. La kwanza ni shinikizo la damu. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma watano kwa mrija uliowekwa ndani ya mshipa wa mkono, na wakati wa kusukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili wastani wa kilele ulifika milimita 320 za zebaki kwa 250, na mmoja wao akapita 480 kwa 350. Sehemu kubwa ya mpando huo hutokana na kubana pumzi. Mtu mwenye matundu elfu kadhaa mabichi kichwani hahitaji maelezo zaidi kuhusu kwa nini siku za mwanzo si za vyuma: damu hutoka upya, uvimbe huongezeka, na kipandikizi ambacho hakijashika kinaweza kusukumwa nje.

Hata hivyo hatari hiyo ina mwisho wake, nao si siku ya 30. Mwaka 2006 madaktari Bernstein na Rassman walichapisha utafiti ambamo walivuta nywele zilizopandikizwa siku baada ya siku ili kuona zinashika lini. Katika siku mbili za kwanza, kuvuta nywele kulitoa kipandikizi kila mara. Kufikia siku ya sita kuvuta nywele peke yake hakukukitoa tena, ingawa kubandua kigaga kilichogandamana bado kulikuwa hatari. Siku ya tisa vipandikizi havikuwa tena katika hatari ya kung'oka. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini nilielekezwa kulainisha vigaga kwa losheni na kuviondoa vyote kwa kuosha ifikapo siku ya kumi na kuendelea, si kabla. Nilielewa pia kwamba baada ya hapo anayezuiwa kunyanyua anazuiwa kwa sababu tofauti, yaani jasho linalofungia vijidudu kwenye ngozi inayopona, msuguano, na kugonga kichwa. Haya yanahusu usafi na tahadhari zaidi ya uzito wa chuma, na yanaweza kupangiwa utaratibu.

Utaratibu wangu ulikuwa huu, na ninausimulia kama ushuhuda wa mtu mmoja aliyefanyiwa kwa njia ya kutoa shina moja moja. Aliyekatwa ukanda wa ngozi kisogoni na kushonwa ana jambo jingine la kuogopa, kwa kuwa kila zoezi linalokaza shingo na mabega ya juu huvuta mshono na kupanua kovu, na yeye husubiri kwa miezi, kwa ruhusa ya daktari wake. Siku tano za kwanza, ukiondoa safari ya kurudi, nilikaa ndani na kulala nimeegemea mito. Kuanzia siku ya sita nilitembea jioni jua likishatua, dakika 20, kisha 40, polepole kiasi cha kutotokwa jasho. Nilikuwa nimechagua Juni makusudi kwa sababu ya kipupwe, na yeyote wa pwani anayefikiria kufanya hivi Januari au Februari afikirie upya. Siku ya 14 nilipanda baiskeli ya ndani. Siku ya 16 nikaingia ukumbini.

Nikaharibu. Kijana mmoja aliponiona na kichwa kilichonyolewa chenye madoa mekundu aliniuliza, "Kaka, pole sana, ni bodaboda?" nikacheka, nikajisikia mzima kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa nimejiwekea mashine za kuketi na dambeli ndogo, marudio 15, bila kubana pumzi, na hilo nililitimiza. Sikuwa nimefikiria benchi. Nililala chali kwenye benchi la ngozi bandia ambalo watu sita walikuwa wamelitolea jasho kabla yangu, kisogo kikiwa na matundu yaliyofunga juzi tu, nikasukuma seti nne, kisha nikajifuta kwa taulo ile ile niliyokuwa nimeitandika. Baada ya siku mbili kisogo kilikuwa na vipele kumi na kitu vyenye usaha.

Hapa ndipo huduma ya baada ya upasuaji ilipopimwa kwa haki, ikashindwa. Nilituma picha tatu kwa namba ile ile iliyokuwa ikinijibu ndani ya dakika tano wakati wa kulipa amana. Jibu lilikuja siku ya nne, maneno mawili na alama ya dole gumba: kawaida, endelea. Endelea na nini, halikusema. Wakati huo nilikuwa nimekwishamwona daktari wa ngozi hapa Dar es Salaam, ambaye alinipa dawa ya kupaka, akanizuia jasho kwa siku saba na kunieleza kwa subira kwamba vipele vya namna hii hutokea mara nyingi, hata kwa wasiofanya mazoezi, nywele zinapotafuta njia ya kutoka. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya teksi za Istanbul, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko yote niliyoyapata kwa euro 2,400. Vipele vilikwisha ndani ya wiki.

Wiki ya nne nywele zilizopandwa zilianza kudondoka, nazo zilidondoka zikiwa nyingi, kwenye mto, kwenye beseni, kwenye kola ya shati. Karatasi ilikuwa imelitaja jambo hili, na kwa hilo naipongeza, lakini mtu aliyetoka kuugua vipele vya ukumbini hasomi karatasi kwa akili tulivu. Nilikuwa na hakika kwamba nimezing'oa kwa chuma. Ukweli ni kwamba nywele iliyohamishwa kwa kawaida hudondoka kati ya wiki ya pili na ya nane huku shina likibaki ndani likipumzika, kisha huota upya kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Hudondoka kwa anayenyanyua na kwa anayeshinda ameketi ofisini. Ukumbini nilipewa ushauri mwingi katika kipindi hicho, ukiwemo wa kuacha kreatini, kirutubisho cha wanyanyua vyuma. Chanzo cha ushauri huo ni utafiti wa mwaka 2009 wa wachezaji 20 wa raga wa Afrika Kusini, ambao DHT yao ilipanda kwa asilimia 56 baada ya wiki ya dozi kubwa. Utafiti huo haukuhesabu nywele hata moja, kwa hiyo nimeendelea na gramu zangu tano. Sindano za homoni za kujenga misuli ni habari nyingine kabisa. Mwenye upara wa kurithi anayezitumia anaharakisha kupoteza nywele zake za asili, na kulipia upandikizaji huku akiendelea nazo ni kujaza maji kwenye pakacha.

Siku ya 33 nilirudi kwenye chuma kirefu, na mahali pa kuanzia palikuwa kilo 60. Kuchuchumaa na chuma begani kulihitaji marekebisho niliyoyavumbua mwenyewe: nilikishusha chuma chini kidogo mgongoni kisiguse kisogo ninapoinua kichwa, na niliweka vizuizi vya pembeni juu kuliko kawaida, ili nisilazimike kupenyeza kichwa chini ya chuma nikichoka. Kunyanyua kutoka sakafuni nilikuacha hadi mwisho wa wiki ya sita, kwa sababu ndilo zoezi linalounganisha kuinama, kubana pumzi na uzito mkubwa, na mara ya kwanza nilihisi damu ikigonga kwenye paji kwa namna ambayo sikuipenda, nikapunguza kilo 20 hapo hapo. Sikuvaa kofia ya kubana, hata pale macho ya watu yaliponichosha. Taulo zikawa mbili, ya benchi na ya kichwa, na nilikuwa naoga mara tu nikifika nyumbani badala ya kukaa na jasho hadi chakula cha usiku. Bahari ya Coco na bwawa niliviacha kwa wiki sita. Nguvu ilirudi haraka kuliko nilivyohofia: wiki ya 11 nilichuchumaa tena na kilo 125, na mwezi wa tano nilipita nilipokuwa kabla ya safari. Wiki tano bila chuma kirefu, kwa mtu wa miaka 12 ya mazoezi, ni hasara ndogo mno kulinganisha na alivyoniogopesha kila mtu ukumbini.

Na nywele? Mwezi wa nne palitokea vinyweleo vyembamba vilivyonifanya nijitazame kwenye kila kioo cha gari. Mwezi wa saba kinyozi wangu alichonga mstari wa mbele kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2015. Sasa, mwezi wa 11, mstari umejaa, pembe moja ni nyepesi kidogo kuliko nyingine, na kisogo hakionyeshi kitu isipokuwa nikinyoa namba moja. Utosi, ambao haukuwa sehemu ya mpango, unaendelea kupungua taratibu.

Mikono ya daktari yule na wasaidizi wake naipa alama tisa kati ya kumi, na ningemshauri mtu aende kwake, mradi ajue kwamba analipia siku moja ya kazi nzuri na kwamba miezi inayofuata ataitafutia msaada mahali pengine, ikiwemo miadi ya daktari wa ngozi wa hapa nyumbani iliyopangwa kabla ya kupanda ndege. Huduma ya baada ya upasuaji naipa tatu, na mbili kati ya hizo ni za ukurasa wa kuosha kichwa.

Mwezi uliopita niliwaandikia ujumbe mrefu, wa adabu, nikiwapendekezea waongeze kwenye karatasi yao habari za sanduku, sala, benchi na ratiba ya kurudi kwenye vyuma hatua kwa hatua, nikajitolea hata kuiandika rasimu. Walijibu siku hiyo hiyo: asilimia 20 ya punguzo nikirudi kufanya utosi.